KUFAFANUA WAZO LA JUMUIYA HADI LIELEWEKE: MFANO WA NGITILI ZA BARIADI NA MKOA WA SIMIYU

Makala hii imeandaliwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wenye dhamana ya kuandika na kueleza mambo ya jumuiya, kamati au idara zao: makatibu, wenyeviti, masheha, maafisa mipango, na walimu wa skuli ambao mara nyingi huombwa kushika kalamu kwa niaba ya wenziwao. Makusudio yake ni kueleza namna wazo la watu wengi linavyotengenezwa mpaka likafahamika na aliyelitoa, na aliyeombwa kulisaidia, na yule ambaye litamgusa bila ya yeye kuulizwa.

Baada ya kupitishwa Sheria ya Jumuiya Nam. 6 ya mwaka 1995, jumuiya nyingi ziliandikishwa Unguja na Pemba, na kwa hakika nyingi kati yake zilianzishwa kwa nia njema. Hata hivyo, afisa yeyote aliyepata kukaa kwenye meza ya kupokea maandiko ya miradi anaijua hali hii: andiko lina kurasa ishirini, lina muhuri na saini tatu, limetaja "kuwajengea uwezo wananchi" katika kila ukurasa, na msomaji akifika mwisho hajui watu hawa wanataka kufanya nini, mahali gani, na kwa faida ya nani. Andiko hurudishwa. Jumuiya hudhani imeonewa, na afisa hudhani jumuiya haina watu wanaojua kuandika. Wakati huo kisima kilichokusudiwa hakichimbwi, na mtoto aliyekuwa akichota maji ya chumvi mwaka jana anaendelea kuyachota mwaka huu.

Ni vyema ikafahamika mapema kwamba kasoro ya namna hii aghalabu si ya lugha. Mara nyingi wazo lenyewe halijapikika. Wanachama wamekubaliana jina la mradi kabla ya kukubaliana shida wanayotaka kuiondoa, na hapo hata mwandishi hodari hawezi kuwaokoa. Ili jambo hili lifahamike, tuutazame mfano wa kweli wa ndugu zetu wa Tanzania Bara, katika wilaya ambazo leo zimo ndani ya Mkoa wa Simiyu.

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na huko ndiko mambo tunayoyaeleza yalikoanzia. Wenyeji wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji kwa pamoja, na pamba ndilo zao la biashara linalojulikana zaidi.

Ardhi hiyo ilikuwa na miti mingi hapo zamani. Wakati wa utawala wa Waingereza misitu ilifyekwa kwa kampeni za kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka. Kisha katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, ambapo wananchi walihamishwa kutoka kwenye maskani zao za asili na kukusanywa katika vijiji, wakaacha nyuma maeneo waliyozoea kuyatunza wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliifananisha Shinyanga na jangwa. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway.

Mwanzoni mpango huo ulifanya kile ambacho mipango mingi hufanya. Vilianzishwa vitalu vya miche, ikaletwa miti ya kigeni, na wananchi wakahimizwa kupanda. Wazo lilikuwa zuri kwa waliolibuni ofisini. Kwa mwanakijiji, mche ni kitu cha kumwagilia katika nchi ambayo maji ya kunywa yenyewe ni ya kutafuta, na mti ukishakuwa haijulikani utakuwa wa nani. Mafanikio yalikuwa haba.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na ningeomba wasomaji wapatue hapa, kwani ndiyo sehemu yenye faida kubwa. Maafisa wa mpango walirudi vijijini wakakaa na wananchi kutathmini kwa pamoja rasilimali zilizopo na zilizopotea. Wakalikuta neno ambalo wenyeji walikuwa nalo siku zote: ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti ipate kuota bila ya kuguswa, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokolea, wakati malisho mengine yamekwisha. Kuna ngitili za kaya na kuna za kijiji kizima. Mila hiyo ilikuwako tangu kale, lakini ilikuwa imedhoofika hadi kubaki maeneo machache tu. Yaliyojulikana kwa kumbukumbu mwaka 1986 yalikuwa kama hekta 600.

Tazama tofauti iliyoko hapo. Ukimwambia mfugaji kwamba eneo lake litawekwa chini ya hifadhi ya udongo na bayoanuwai, jambo la kwanza analolisikia ni kwamba ardhi yake inachukuliwa. Ukimwambia kwamba ngitili ya babu yake irudishwe, hakuulizi maana yake. Atakuuliza ifungwe lini, mpaka wake uishie wapi, na atakayeingiza ng'ombe kabla ya wakati atatozwa nini. Maswali hayo ni ya mtu aliyekwisha kulielewa wazo na sasa anataka kulitekeleza. Aidha, majibu yake yalikuwapo tayari katika mila: mkutano wa jamii unaoitwa dagashida ndio uliokuwa ukipanga masharti na adhabu, na walinzi wa jadi, sungusungu, walikuwapo kusimamia. Serikali za vijiji ziliongeza sheria ndogo ndogo, na sharti la mila likapata nguvu ya sheria ya nchi.

Yaliyofuata yanajulikana. Hadi mpango ulipofikia mwisho mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudishwa katika vijiji zaidi ya 800, na ukubwa wake ulikadiriwa kuwa hekta 300,000 au zaidi. Mwaka 2002 mpango huo ulikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Miti hiyo kwa sehemu kubwa haikupandwa na mtu. Iliota yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini, baada ya watu kukubaliana kuiacha.

Lakini kuna hatua nyingine ambayo jumuiya zetu huisahau. Wazo lililoeleweka kijijini bado lilipaswa kueleweka Hazina na kwa wafadhili, na huko neno ngitili peke yake halikutosha. Kwa ajili hiyo Wizara iliyohusika na misitu, pamoja na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, walifanya uchunguzi wa kupima faida kwa fedha: kuni, nguzo za kujengea, malisho, asali, dawa, matunda ya porini, maji. Ilionekana kwamba thamani ya vitu hivyo ilifikia kiasi cha dola 14 za Kimarekani kwa mtu kwa mwezi, ilhali wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania wakati huo ulikuwa kama dola 8.50. Hali kadhalika ilionekana kwamba wanawake walipunguziwa saa nyingi za kutafuta kuni. Wazo lilikuwa ni lile lile. Kijijini lilielezwa kwa malisho ya kiangazi, na mjini likaelezwa kwa hesabu, na kauli mbili hizo hazikupingana.

Tena uchunguzi huo haukuficha upungufu. Ulieleza kwamba mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufaidika zaidi kuliko fukara, na kwamba wanyama wa porini waliorudi pamoja na miti huharibu mazao. Baadhi ya makatibu huona kwamba kutaja upungufu ni kujiharibia. Kwa maoni yangu ni kinyume chake: andiko lisilotaja hata tatizo moja humfanya msomaji aanze kuyatafuta mwenyewe, na aghalabu huyapata mengi kuliko yaliyopo.

Simiyu hiyo hiyo inatupatia mfano mwingine, wa karibu zaidi na zama zetu. Katika kipindi cha Ndugu Anthony Mtaka, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa tangu 2016 hadi 2021, mkoa ulitangaza kaulimbiu ya "Wilaya Moja, Bidhaa Moja, Kiwanda Kimoja". Wazo la namna hii lina nasaba. Huko Japani, mwaka 1979, Morihiko Hiramatsu aliyekuwa Gavana wa jimbo la Oita alianzisha harakati ya kila kijiji kuchagua bidhaa yake moja na kuitengeneza kwa ubora, na harakati hiyo ikaigwa katika nchi nyingi za Asia na Afrika. Simiyu waliichukua wakaifungamanisha na kiwanda. Maswa ikajulikana kwa chaki zilizotengenezwa na vijana, na Meatu kwa maziwa.

Uzuri wa kaulimbiu hiyo ni kwamba mtu huikumbuka baada ya kuisikia mara moja. Ila kaulimbiu si wazo kamili, na hapa watu wengi huteleza. Chaki za Maswa zilieleweka kwa sababu mnunuzi wake anajulikana kabla ya kiwanda kufunguliwa: kila skuli inatumia chaki, idadi ya skuli imeandikwa, na matumizi ya mwaka yanaweza kuhesabiwa kwa penseli. Mkoani humo likazungumzwa pia wazo la kiwanda cha vifaa vya hospitali vitokanavyo na pamba, jambo ambalo nalo linaeleweka kwa haraka, kwani pamba ipo na hospitali zipo. Hata hivyo kati ya pamba ya mkulima na bandeji ya hospitali pana mitambo, umeme, viwango vya usafi na mtaji mkubwa, na hayo yote hayamo ndani ya maneno sita ya kaulimbiu. Kaulimbiu huwaita watu mkutanoni. Wakishakaa, wanahitaji kupewa maelezo.

Tuchukue pia suala la maji. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao yake Korea ya Kusini, uliidhinisha fedha kwa ajili ya programu ya Simiyu, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, ya kuyafikisha maji ya Ziwa Victoria katika wilaya tano za mkoa huo, pamoja na shughuli za usafi wa mazingira na kilimo kinachostahimili ukame. Wenyeji wa Bariadi au Mwanhuzi hawakuhitaji kuelezwa umuhimu wa maji. Lakini mfuko ule haukuundwa kwa ajili ya kununua mabomba. Uliundwa kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Kwa hiyo andiko la mradi wa namna hiyo hulazimika kuonesha uhusiano baina ya mvua zisizotabirika, vyanzo vya mito na mabwawa vinavyokauka, na haja ya chanzo kimoja cha kutegemewa. Shida ni ya kweli, na maelezo yamepangwa kufuata swali la anayeulizwa.

Katika hili pana mpaka ambao ni lazima uchungwe. Kulipanga wazo lifuate swali la mfadhili ni halali. Kulibadilisha wazo ili limfurahishe mfadhili ni jambo jengine kabisa, na madhara yake huonekana mwaka wa pili. Jumuiya iliyotaka mashine ya kusaga hujikuta inaendesha semina, kwa sababu mwaka ule fedha zilikuwa za semina. Semina zikamalizika, mahindi yakabaki kupelekwa kijiji cha pili, na wanachama wakaacha kuhudhuria vikao.

Wasomaji wanaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wa visiwani, tusio na mbung'o wala malisho ya hekta elfu? Yanatuhusu sana. Sheria yetu ya Misitu Nam. 10 ya mwaka 1996 imefungua mlango kwa jamii kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, na mkataba usioeleweka na watu wa shehia ni karatasi tu. Na sisi wenyewe tunao mfano wetu wa Kisiwa cha Misali, Pemba. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na wavuvi wengi wa Pemba hukitegemea. Maelezo ya kitaalamu juu ya matumbawe na mazalio ya samaki yalitolewa, na kanuni zikawekwa, lakini kanuni peke yake hazikumzuia kila mvuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana ni busara kuyaeleza mambo hayo hayo kwa mafunzo ya dini ambayo wavuvi wanayajua tangu chuoni: kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, kwamba viumbe vimewekwa kwa mizani, na kwamba israfu imekatazwa. Kisiwa chenyewe, kwa mapokezi ya wenyeji, kina jina linalotokana na msala wa kusalia. Hapakuwa na haja ya kubuni msamiati mpya. Ulikuwapo, na ulikuwa na heshima.

Sasa tuingie katika utendaji. Tuchukulie kikundi cha wanawake wa pwani wanaolima mwani, kilimo ambacho kilianza kibiashara hapa Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani. Kikundi kinataka msaada. Ukiuliza, katibu atakwambia lengo ni "kuinua kipato cha wanawake". Mwulize tena, lakini safari hii usimwulize katibu peke yake. Waulize wanachama watatu, kila mmoja mbali na mwenziwe, ni kitu gani hasa kinachowakera. Wakitoa majibu matatu tofauti, funga daftari. Siku ya kuandika bado haijafika, na kilichobaki ni kikao. Wakisema wote kwamba mwani wao unaanikwa chini, unachanganyika na mchanga, na mnunuzi hupunguza bei au huukataa, basi wazo limeshapatikana: wanataka chanja za kuanikia. Sentensi moja inatosha: "Kikundi chetu kinaomba chanja kadhaa za kuanikia mwani katika ufuo wetu, ili mwani usiingie mchanga na tupate bei ya daraja la kwanza." Idadi ya chanja na idadi ya wanachama zitajazwa baada ya kuhesabu kwa macho, si kwa kukisia.

Baada ya sentensi hiyo ndipo mengine hufuata, na kila kimoja huzaliwa na mwenziwe. Chanja zitajengwa kwa miti gani, na miti itakatwa wapi, kwani hapo huenda Idara ya Misitu ikawa na neno? Ufuo ni wa nani, na wavuvi wanaopandisha vyombo hapo wameulizwa? Upepo wa kusi ukivunja chanja, nani atazitengeneza na kwa fedha gani? Mwaka mmoja baadaye kikundi kitajuaje kama kimefanikiwa? Kwa hili la mwisho njia nyepesi ni kuandika leo bei wanayolipwa na kilo zinazokataliwa, ili mwakani ziwekwe ubavuni mwa hesabu mpya. Bila ya hesabu ya leo, hakutakuwa na cha kulinganisha.

Ama kuhusu lugha ya andiko, zipo baadhi ya kauli ambazo zimechakaa kwa kutumiwa ovyo: uwezeshaji, ujumuishi, masuala mtambuka, wadau wote. Si kwamba ni maneno mabaya. Lakini ukiona umeandika "uwezeshaji", simama ujiulize ni kitendo gani utakachokifanya siku ya Jumatatu asubuhi, kisha uandike kitendo hicho badala yake. Pengine ni kufundisha watu kumi kushona nyavu. Pengine ni kununua mizani. Na kama hukupata kitendo chochote, basi sentensi ile iondolewe, haitamkosesha msomaji kitu.

Kabla andiko halijatiwa muhuri, lisomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyekuwamo katika jumuiya: muuza samaki, utingo wa daladala, au bibi wa nyumba ya pili. Akimaliza kusikiliza aombwe alieleze kwa maneno yake. Asipoweza, kosa si lake. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha, na mara nyingi neno atakalolitumia yeye kuziba pengo huwa bora kuliko lile lililoandikwa.

Maafisa wa Serikali nao wanalo fungu lao. Andiko linaporudishwa, haifai kuandikwa pembeni "halijakidhi" na kuachwa hivyo hivyo. Itajwe ni ukurasa gani usioeleweka na ni swali gani lililobaki bila ya jibu, kwa maneno ambayo katibu wa shehia atayafahamu bila ya kupanda gari kuja mjini kuuliza. Nauli ya safari hiyo hulipwa na wanachama, na kwa jumuiya nyingine ni ada ya miezi mingi.

Andiko likishakamilika lisomwe katika kikao halali cha wanachama, likubaliwe, na kukubaliwa kwake kuandikwe katika kumbukumbu za kikao. Nakala moja ibaki kwa katibu na nyengine iwekwe kwa Sheha, ili hata viongozi wa jumuiya wakibadilika, atakayeshika nafasi aweze kusoma ni nini kilichoombwa, kwa sababu gani, na nani aliahidi kukitunza.